Mama Alivyoinuka kwenye Theluji

Sura mpya ya ile hadithi ya michoro ya ninja imetoka. Unaijua, ile iliyoanza kabla sijazaliwa na haijaisha mpaka leo. Mchoraji aliugua, hadithi ikasimama muda mrefu, na sasa imerudi, imo kwenye simu yangu, nami naogopa kuifungua. Nimetoka Jumeirah Village Circle, ninakokaa na wenzangu nikitafuta kazi, nikaja mpaka Al Ras, mtaa wa zamani wa soko la viungo katika mji huu wa Kiarabu, kuketi kwenye ngazi za jengo tulilokulia, nikidhani hapa itakuwa rahisi. Hata njiani nilikuwa nikijiuliza kama nimechagua ngazi zinazofaa.

Tuliishi ghorofa ya juu ya duka la baba la viungo. Harufu ya iliki na ndimu kavu ilipanda mpaka kwenye mito yetu ya kulalia. Asubuhi wachukuzi walipita na mikokoteni wakihimiza "yalla, yalla", na nyanya, aliyeletwa kutoka Mombasa kutulea mama alipofariki, aliwajibu dirishani, "Naja, naja, mwanikimbiza wapi?" Mimi na dada yangu mdogo tuliketi sakafuni tukichambua iliki zilizopasuka, nyanya akikaanga mahamri.

Jirani wa Kifilipino alipohama alituachia boksi la vitabu vya hadithi hiyo ya ninja mlangoni. Tukavifunua kama vitabu vya shule, kuanzia kushoto. Kwetu basi hadithi ilianza na mama wa shujaa amelala kwenye theluji, amekufa. Ukurasa uliofuata upanga ukamtoka kifuani. Akainuka, akarudi nyumbani kinyumenyume, na mwisho alikuwa jikoni akimchana mwanawe nywele. Tulikirudia kitabu kile mpaka jalada likachanika. Dada yangu alikuwa hana swali lolote. Aliona ndivyo mama wanavyofanya.

Siku moja nyanya akachungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndiyo maana maiti wenu watembea! Mwasoma kuanzia mwisho. Hiki chafunuliwa kama msahafu." Akakigeuza, akatuonyesha kuanzia kulia. Mama akamchana mtoto nywele, akatoka, akaanguka kwenye theluji, kitabu kikaisha. Dada yangu akaangua kilio. Nyanya akazima jiko, akampakata. Kisha akasema, "Haya, someni mtakavyo. Hakuna askari."

Tulipokua, duka likafungwa, nyanya akarudi Mombasa. Kila Ijumaa baada ya swala nilimpigia simu kumsimulia sura iliyotoka. Alimpenda babu msuka mikeka aliyemlea yule mtoto, kwa sababu alikuwa na mdomo kama wake.

"Mzee wangu yu hai?"

"Yu hai, nyanya."

"Mwambie avae sweta, huko kwao kuna baridi."

Hadithi iliposimama aliendelea kuuliza. "Imetoka?" Bado, nyanya. "Huyo mchoraji apumzike, lakini asitusahau." Nyanya alifariki kabla ya sura hii kutoka. Alizikwa siku ile ile, mimi bado nahangaika na tiketi ya ndege. Tangu sura itoke nawaza: babu akifa, nitamwambia nani? Akiwa hai, nitamwambia nani? Nisipoisoma, angalau kuna kitu ambacho mimi na yeye hatujakijua.

Kwenye duka la baba sasa wanauza manukato ya chupa. Dirisha la nyanya limezibwa na mashine ya baridi, maji yake yanadondoka karibu na viatu vyangu. Mchukuzi amenipita na mkokoteni, "Yalla, bhai," akiniita ndugu, nami nimesogeza miguu. Hakuna aliyemjibu kutoka juu.

Nimeifungua. Nimeisoma kuanzia kulia, kama nyanya alivyotufundisha. Babu amekufa, amelala juu ya mkeka ambao hakuumaliza.

Kisha nikaanza kuisoma kwa njia yetu. Macho yake yakafunguka. Vidole vikarudi kwenye ukili. Mkeka ukafumuka polepole, mstari kwa mstari, mpaka nikafika ukurasa wa kwanza, ambapo ameketi mlangoni, mzima, anamgombeza mtu kwa kutovaa sweta. Nikaiacha hapo. Sikuigusa tena, mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.