Chumba Kisicho na Mlango

Mtu akikuambia kung'oa mlango ni kazi nyepesi, mwulize kama amewahi kung'oa wa ndugu yake. Seremala tunayemzungumzia hapa walimwita Randa, kwa sababu randa haikumtoka mkononi, na pia kwa sababu kila ugomvi uliozuka uani kwa baba yake, yeye ndiye aliyepita juu yake akiulainisha. Alikuwa mtu mzima, hajaoa, anakula kwa mama yake bila haya. Na alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: kutaka kujua. Saa ikisimama, aliifungua. Watu wakinong'ona, alisogeza stuli.

Basi mdogo wake, fundi viatu, akaacha dini ya nyumbani kwao akawa Mkristo, yeye na mkewe. Alibatizwa mchana kweupe, akarudi nguo bado zimelowa, akamwendea baba yao na kumwambia mwenyewe kabla umbeya haujamtangulia. Mzee hakupiga kelele. Alikohoa kwa muda mrefu, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, kisha akasema hataki kumwona yule kijana pale uani.

Lakini kumfukuza mtu mwenye mtoto mchanga ni aibu, na Mzee aliogopa maneno ya watu. Akataka kijana aondoke kwa hiari yake, yaani kwa kuchoshwa. Kwanza bomba la uani likapigwa marufuku kwa mkwewe, akawa anachota maji mtaa wa pili. Kisha salamu zikakatwa. Wateja wa viatu nao wakaanza kupita na viatu vyao vimeachama, wakijitia hamnazo. Fundi na mkewe wakajikaza kisabuni, hawakuhama.

"Ung'oe mlango wao," Mzee akamwambia Randa asubuhi moja. "Mbao zile ni zangu, na wewe ndiye uliyeuweka."

Randa alikwenda shingo upande. Skrubu za bawaba ya chini zilitoka vizuri. Za juu zilipolegea, mlango ukaanza kumlalia begani, na nusura umwangushe. Mikono yenye harufu ya gundi ikaudaka kwa upande wa pili.

"Pole pole, kaka, utaumia," mdogo wake akasema. "Nimeshika. Malizia."

Wakaubeba pamoja hadi karakana, kama walivyokuwa wakibeba makabati ya watu. Randa akasema asante, na neno hilo likamwasha mdomoni siku nzima. Mtu unamng'olea mlango anakushikia! Hapo ndipo ugonjwa wake ulipomrudia kwa nguvu zote. Watu hawa wanapewa nini huko wanakokwenda?

Akageuza benchi lake la kazi likaelekea kile chumba. Shemeji yake alikuwa ametundika shuka mlangoni, lakini upepo ulikuwa unalifunua unavyotaka, na jicho la Randa halikuhitaji nafasi kubwa. Alitegemea kuona siri fulani. Alichoona ni fundi viatu anafua nepi. Akamwona shemeji akimcheka mumewe kwa jinsi anavyozikamua. Akamwona mama mmoja muuza mboga, wa kanisani kwao, akija na ndoo ya maji kichwani, anaitua, anajinyoosha mgongo, anambeba mtoto huku akiimba kwa sauti ya kukwaruza kabisa. Jirani mmoja alitupa maganda mle ndani akipita. Yule mama akayaokota, akaendelea kuimba pale alipoachia. Randa akawa anapiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba hauna kazi.

Jioni hiyo akasikia wanagombana, naye, Mungu amsamehe, akafurahi kidogo. Ahaa, kumbe ni watu!

"Tuondoke," fundi alikuwa anasema. "Siwezi tena. Hata mbwa ana pa kujifungia."

"Tukiondoka kwa hasira, tutaondoka na hiyo hasira," mkewe akajibu. "Tuombe kwanza."

 Halafu sauti ya fundi ikaanza, kavu, bila hamu: "Baba, mponye baba. Kifua chake kinamtesa. Baba, usimwache baba."

Randa akaacha kazi. Baba yupi anaambiwa, na yupi anaombewa? Alilirudia mwenyewe kwa vidole, huyu baba huku, yule baba kule, hadi akaelewa. Na alipoelewa hakuweza kukaa nalo. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee, aliyekuwa ameketi kibarazani, akamwambia neno kwa neno.

"Kwa hiyo tuko wawili," Mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nimembeba mgongoni akiwa na homa, mvua inaninyeshea. Huyo mwingine alikuwa wapi?" Randa akaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yake hakuwa na hasira tu. Alikuwa na wivu, wivu wa mtu aliyeibiwa mtoto.

"Sijui, Baba. Ila huyo mwingine anaombwa akuponye wewe."

Mzee akakohoa, akafuta macho, labda kwa sababu ya kukohoa. Kwa muda mfupi Randa alidhani yamekwisha. Lakini Mzee alikuwa hajawahi kurudi nyuma mbele ya wanawe. "Mawingu yale unayaona?" akauliza. "Kesho panda, toa mabati ya chumba chao. Mvua ikimnyeshea mwanawe, atahama mwenyewe."

Randa akatoka akaenda kusimama kwenye kile chumba, mkono kwenye fremu tupu. Hakuingia. Alimwita mdogo wake nje akamwambia kilichopangwa, kisha akamwuliza lile lililokuwa linamkereketa.

"Hivi wewe huumii?"

"Naumia, kaka. Siku ile ya mlango nilitamani kukupiga na nyundo yako mwenyewe."

"Ukanishikia!"

"Mikono ilishika kabla roho haijakubali." Fundi akacheka, kicheko kikaishia njiani. "Usifikiri mimi ni mtu mwema sana. Kuna siku naomba huku nauma meno. Lakini nikishamwombea mtu, nashindwa kumchukia vizuri. Nimejaribu kwa Baba, nimeshindwa. Nimejaribu kwako."

"Na mkishindwa kabisa kumwombea mtu?"

"Yesu aliwaombea waliokuwa wanampigilia misumari. Mimi nimeng'olewa skrubu tu."

Randa akarudi zake. Alijua mvua ile, alijua ukubwa wa yule mtoto, na alijua hakuna mwingine pale uani anayeweza kupanda paa bila kuvunja shingo.

Asubuhi ngazi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani. Mzee alikuwa chini yake, anasubiri.

"Sipandi, Baba," Randa akasema.

"Unasemaje?"

"Sipandi. Nikiyatoa yale mabati, sitaweza kumwangalia mtoto yule."

"Basi na wewe umeshakuwa wao."

"Hapana. Hata sijui vizuri wanaamini nini. Nataka kuwauliza."

Mzee akamtazama seremala wake, mtu wa kulainisha kila kitu.  "Anayenikaidi hali chakula kwangu," akasema, akaingia ndani.

Mchana mvua ikashuka kweli, ikapiga mabati kwa kelele. Mama akapakua chakula. Alipofika kwenye sahani ya Randa hakumtazama mumewe. Aliijaza hadi ikakaribia kumwagika, akamkabidhi mwanawe, akageuka kushughulika na sufuria. Randa akatoka nayo, ameinama kuikinga na mvua. Hakuwa na pa kuipeleka ila mahali pamoja tu.

Akafika kwenye kile chumba. Shuka lilikuwa limefungwa pembeni lisilowe, wote walikuwa wanaonana waziwazi, yeye kule nje na wao wameketi mkekani na mtoto katikati. Tangu mlango utoke, watu wa pale uani walikuwa wanachungulia wanavyotaka na kupita. Randa akasimama kwenye kizingiti, maji yanamtiririka shingoni.

"Hodi," akasema.

Shemeji yake alifungua kinywa amjibu, akaanza kulia. Mumewe ndiye aliyejibu, "Karibu, kaka! Karibu ndani!" na alilisema kwa sauti kubwa kuishinda mvua, hata Mzee kibarazani kwake akasikia.