Mume Aliyenisafishia Shamba

Nyanya zangu zilinichosha kuliko watoto. Tunalima nje kidogo ya Tororo. Nazimwagilia asubuhi, adhuhuri zimelegea kama wagonjwa. Niling'oa shina moja nikakuta mizizi imejaa vinundu kama tangawizi changa. Jirani akasema nimerogwa. Muuza dawa wa Busia akaniuzia dawa ya kupulizia majani. Ugonjwa uko chini, yeye ananitibia juu!

Dada yangu mkubwa, anayelima Busitema, ndiye aliyenifumbua macho: ni minyoo ya udongoni, midogo mno, inashambulia mizizi.

"Fyeka alizeti mwitu, ile ya maua ya njano iliyozunguka boma lako," akaniambia. "Ikatekate ingali mbichi, ifukie kwenye matuta, mwagilia, iache ioze wiki mbili hivi. Ndipo upande."

Nikafyeka ua wote, nikakatakata mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilipomaliza kufukia, nikaenda matangani Majanji.

Niliporudi, matuta yalikuwa yamelainishwa kama kitanda cha mgeni. Pembeni, rundo la jivu. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amerudi safari.

"Mama, uliacha takataka shambani, zinanuka," akasema akitabasamu. "Nimefukua zote, nimechoma. Sasa pumzika."

"Takataka? Hiyo ilikuwa dawa!"

"Dawa gani yanuka hivyo?"

Nilikaa chini palepale. Nitamgombezaje mtu aliyeshinda juani kwa kunipenda? Na bado nilimgombeza. Ua hatuna tena, mbuzi wa jirani wameshaingia kwenye mboga zetu za sukuma, na alizeti yote imekuwa jivu.

Kesho yake nikamtuma kwa mama yake, Busia ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, akalete nyingine. Akarudi jioni na magunia juu ya boda boda, amenuna. Mpakani walikuwa wamemuuliza amebeba nini, akajibu, "Dawa ya minyoo." Wakamwaga kila gunia chini wakitafuta vidonge.

Tulikatakata pamoja, kila mmoja akinung'unika kwa lugha ya kwao.

Msimu ule nyanya zilizaa vizuri. Mashina machache bado yalikuwa na vinundu, na dada akanionya kwamba kazi hiyo ni ya kurudia.

Kilichonimaliza ni Ijumaa moja, napita msikitini na karai la nyanya kichwani. Mume wangu yuko barazani, wanaume wamemzunguka.

"Mke wangu alitaka kununua dawa," anawaambia. "Nikamwambia, mama, jaribu majani."

Nilipita bila salamu.