Ripoti Niliyomwandikia Papa

Vumbi la Goma likipata joto lina harufu yake. Si harufu ya udongo, maana mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake ni jeusi, kavu, la kukwaruza, linaloingia kwenye soksi, kwenye sukari na kati ya kurasa za kitabu cha sala. Likijipenyeza ndani ya kompyuta na kukaa humo mpaka lipashwe moto, hutoa harufu kama ya sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni. Hata leo nikiinusa harufu hiyo narudi moja kwa moja mtaa wa Murara, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mbao, ambamo papa, yaani baba yangu, alikuwa na sekretaria yake. Kwa asiyejua, sekretaria kwetu ni chumba cha kuchapa barua, kutoa nakala na kutengeneza mialiko ya harusi, na mwenye nayo huheshimika karibu sawa na mwalimu. Wateja walimwita papa "Papa Faida", kwa kuwa Faida ni mimi, mtoto wake wa kwanza, na kila walipomwita hivyo nilijiona mwenye nyumba mdogo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, nyeusi, kubwa, nzito, iliyotufikia kutoka Ulaya baada ya kutumiwa na watu wengine tusiowajua. Papa alikuwa amekulia upande wa Bukavu, kwenye udongo mwekundu na mvua nyingi, na hakuwahi kulisamehe vumbi la Goma. Siku kompyuta ilipoingia nyumbani, kabla hata ya kuandika herufi ya kwanza, alichukua utepe mpana wa gundi, ule wa kahawia wa kufungia makartoni, akaziba kila tundu aliloona halina kazi. Mama akamalizia kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye waridi jekundu kila pembe, kilichoifunika kutoka juu hadi karibu na sakafu. Redio ilikuwa na kitambaa chake, na televisheni chake, maana hivyo ndivyo nyumba zilizojiheshimu zilivyopambwa. Kila Jumamosi vitambaa vyote vilifuliwa na kuanikwa, na siku hiyo kompyuta ilikaa uchi hadi jioni, nasi tulipita karibu nayo kwa adabu.

Ninayoyasimulia yalitokea likizo ya kiangazi, nilipokuwa nimemaliza darasa la sita. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko, alikuwa amekuja kwa boti kutoka Bukavu, akatapika njia nzima, na alipofika bandarini aliapa kwamba ziwa lile hatalipanda tena. Barabara nayo ilimvunja mgongo kwa kuifikiria tu. Basi akakaa kwetu, mezani akikumbuka kilima chake cha nyumbani, kitandani akikumbuka kilima chake, mpaka mama akaanza kuongeza chumvi kwenye maharage kwa kusahau alichokuwa akifanya. Mimi nilimhurumia sana Koko. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliamini kwamba hakuna jambo lisilo na dawa.

Dawa ililetwa na Patient, mtoto wa jirani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, kijana wa maneno mengi na viatu safi. Alikuja kuchapisha kazi yake ya shule akiwa na diski ya mfukoni, na ndani ya diski hiyo mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Unakaa kwenye kiti cha rubani, alieleza, unachagua uwanja wowote duniani, unapaa. Nikamwuliza kama na Goma imo. Imo, alisema, na ziwa lote, na Bukavu. Sikungoja zaidi. Nilikimbia jikoni kumwambia Koko kwamba Jumapili atarudi kwao kwa ndege na maharage yatakuwa bado hayajaiva. Kabla ya jua kuzama Koko alishawatangazia akina mama wote wa kikundi chake cha sala, na wakapanga kuja kuona baada ya misa ya pili. Lakini mara tu niliporudi kutoka jikoni kumweleza Patient ahadi yangu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Faida, hii mashini ya papa yako iko ya kuandika tu," alisema. "Ule muchezo inaomba mashini ya nguvu. Hii ikijaribu, itakufa."

Maneno hayo yalinichoma, na yalimchoma papa zaidi, kwa sababu wateja walikuwepo. Mjadala ukazuka. Mzee mmoja mfugaji kutoka milima ya Masisi, aliyekuja kuandikiwa barua, alisimama, akafunua kitambaa cha mama, akainyanyua kompyuta upande mmoja kwa kuipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Iko na uzito," alisema. "Itaweza." Papa akachangamka: "Sisi tuliibebaka batu wawili!" Kwa kweli wote waliokuwemo mle walipima nguvu ya mashini kama wanavyopimwa fahali, na mimi pia niliona hoja ile ina mashiko. Lakini wateja walipoondoka papa alipoa. Kompyuta ile ndiyo iliyotulisha. Ikifa, sekretaria imefungwa, na mimi nisingekuwa na shule ya sekondari ya kwenda.

Papa alikuwa ameajiriwa karani miaka mingi kabla ya kujitegemea, na katika maisha yake jambo lisilo na karatasi lilikuwa halijatokea. Alinikalisha mbele ya meza yake kama mteja. "Usiniletee maneno," alisema. "Uniletee rapport. Unaandika bintu yenye muchezo inaomba, unaandika bintu yenye tuko nayo. Kama inatosha, nitapiga kashe." Akagusa muhuri wake. "Lakini kama unakosea na mashini inakufa, hautaigusa tena mupaka siku utaolewa." Mama akauliza kutoka jikoni, "Na kama haolewi?" Papa akajibu kwamba basi hataigusa kabisa. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku sita, na Koko alikuwa ameshaanza kuchagua kikwembe atakachovaa safarini.

Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika mchezo unaomba nini, na hapo Patient alinisaidia kwa haki, akanifungulia orodha iliyomo kwenye diski yake. Kulia niliandika sisi tuna nini. Prosesa yetu ilipita kwa shida, kama mtu anayepita mlangoni na mzigo. Memori ilikuwa sawasawa na iliyotakiwa, bila ziada hata ya kijiko. Nafasi haikutosha, kwa kuwa diski ya kompyuta ilijaa barua za wateja wa miaka yote, na papa alikataa kufuta hata moja. "Mutu anaweza kurudi," alisema. Basi siku mbili nzima nilizihamishia kwenye sidii, moja baada ya nyingine, nikizisoma kwa wizi: mialiko ya harusi za watu ambao watoto wao walikuwa tayari wameanza shule, na maombi ya kazi ya bwana mmoja aliyeomba nafasi ileile mara tano, kila mara kwa heshima zaidi. Siku ya Alhamisi nafasi ikatosha.

Ikabaki kadi ya picha, ile inayochora milima na mawingu yenyewe. Patient alisema nisijisumbue, mashini za ofisini hazina kadi ya maana. Lakini nilipofungua orodha ya vifaa vilivyomo ndani, niliona majina mawili ya kadi za picha. Tulitafuta la kwanza kwenye simu yake: dhaifu, halifai. Tukatafuta la pili: lilifaa, tena kwa ziada. Patient akasema la pili ni kosa tu, mashini inadanganya. Niliifikiria sana kauli hiyo nilipokuwa nachota maji, nikaona haiwezekani. Mashini ile iliandika kila siku kile tulichoiambia, wala haikujua kujisifu kama sisi. Kama ilisema ina kadi mbili, zilikuwa mbili, na waya wa skrini ulikuwa mmoja.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa, nikakunja kitambaa, nikajipenyeza nyuma ya meza na tochi mdomoni. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la buluu lililo juu. Chini yake, utepe wa papa ulikuwa umevimba kidogo. Niliubandua kwa kucha. Nikaona tundu jingine la buluu, safi kabisa, ambalo halijawahi kuguswa tangu kompyuta ifike kwetu. Miaka yote ile tulikuwa na kadi nzuri ndani ya nyumba na tulikuwa tumeifungia mlango. Nikaendelea kumulika, nikaona kwamba matundu ya hewa nayo, yote, yalikuwa yamezibwa. Vumbi lilikuwa limeshaingia kwa mbele hata hivyo, ila halikuwa na pa kutokea, wala joto halikuwa na pa kutokea, na ndiyo maana kila mchana chumba kilinuka sufuria iliyoungua. Nilikaa pale sakafuni nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeubandika utepe ule, nikaacha kucheka.

Ripoti niliiandika kwa Kifaransa changu cha darasa la sita, yenye kichwa cha "Concerne", yaani "Kuhusu", juu kama papa alivyonifundisha, na niliimaliza upesi isipokuwa sentensi moja, iliyonichukua saa nyingi. Niliandika kwamba matundu yamezibwa, na kwamba ameyaziba Papa. Nikaona huo ni utovu wa heshima, nikafuta jina lake. Nikasoma tena, nikaona sasa ripoti inaficha jambo, na papa mwenyewe alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba karatasi inayoficha haistahili kuwekewa muhuri. Mwishowe nikaandika hivi: matundu yamezibwa na Papa, kwa nia njema, na inafaa yazibuliwe, na kitambaa cha mama kipumzike. Nikampelekea.

Aliisoma akiwa amesimama, wateja wawili wakimngoja. Alichukua kalamu nyekundu, akatia vialama viwili nilivyosahau juu ya herufi, akaendelea. Alipofika kwenye sentensi ile kalamu ilisimama. Aliisoma mara ya pili, nikaona midomo yake ikitamka "kwa nia njema" bila sauti. Kisha akawageukia wateja. "Munaona?" aliwaambia. "Mutoto yangu ananipa lawama kwa maandishi." Na katika sauti yake hapakuwa na hasira yoyote; alikuwa akijigamba. Akavuta muhuri, akaugonga, ukatoka hafifu, akaugonga tena kwa nguvu mpaka meza ikalia. Akabandua utepe wote kwa mikono yake mwenyewe, akapuliza vumbi hadi akageuka mweusi usoni, akahamisha waya kwenye tundu la chini. Mama alikunja kitambaa chake, na dakika moja baadaye akakitandika juu ya printa.

Jumapili akina mama walijaa kwenye benchi la wateja na vikwembe vyao vya kanisani, Koko mbele kwenye kiti cha papa, mikono magotini kama mtu anayengoja kupakuliwa chakula. Patient alikaa kwenye usukani. Ndege ilikimbia kwenye uwanja wetu wa Goma, ikapaa, na ziwa likafunguka chini yake, buluu, bila kukwama hata mara moja. Nilisikiliza mashini, nikanusa, haikunuka chochote. Koko alikitambua kisiwa cha Idjwi kabla yetu sisi sote, akakiita kwa sauti, na alipoiona Bukavu imeingiza rasi zake majini kama vidole, alikamata mkono wangu. Tuliruka juu ya milima ya kwao. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akatafuta kwa muda mrefu.

"Na batu iko wapi?" aliuliza. "Hakuna hata moja analima."

Aliyetengeneza mchezo alikuwa amechora milima akasahau wenyeji wake. Lakini Koko alikuwa amesharidhika. "Kilima ni chenyewe," alisema, akaipigapiga kompyuta mgongoni, pale palipokuwa na utepe. Nyuma yake papa alikuwa akipita kwenye benchi, mama mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha karatasi yenye mihuri miwili. "Ni yeye aliandika," alirudia. Patient aliniachia usukani, akaniita "patron", yaani bosi. Sijui kama nimewahi kujivuna tena kiasi kile, ingawa nimejaribu.

Leo nina chumba changu cha kutengeneza kompyuta, mtaa wa Mapendo. Vijana hunijia na swali lilelile, mashini hii itaweza mchezo fulani au haitaweza, na siku hizi jibu hutolewa na mashini yenyewe kwa kubofya mara moja, kijani au nyekundu. Ni haraka, na mara nyingi ni sahihi. Mimi bado napiga mstari katikati ya ukurasa, na kabla ya yote naenda kuangalia nyuma. Papa akipita huchukua karatasi zangu, akatafuta kosa la tahajia, na asipolipata huondoka amenuna kidogo.

Koko alizikwa kwenye kilima chake. Mwaka ambao mlima wa volkano ulitoa moto tena na tukaamriwa kuhama mji, tulikwenda kwa miguu mpaka mji wa Sake pamoja na maelfu ya wengine. Papa alikuwa amebeba valisi ndogo tu. Kompyuta yake, ya tatu tangu ile, aliiacha mezani. Tulipopata uwanja wa kupumzikia aliifungua valisi kutafuta vitambulisho. Mlikuwa na karatasi ya kiwanja, kadi zetu za ubatizo, na katikati yake, ndani ya plastiki, ripoti yangu na vialama vyake viwili vyekundu. Nikamwuliza kwa nini ameacha mashini akabeba hiyo.

"Mashini tutapata ingine," alisema, akaifunga valisi.