Mguu Mahali pa Kutua

Mwansa ni jirani yangu hapa mtaani Annexe. Siku za kazi hushona sare za shule, na Jumapili baada ya misa huchezesha basket ya vijana kwenye uwanja wa parokia. Uwanja wenyewe ni simenti tupu. Ukianguka, unarudi nyumbani umechunika. Sisi mashabiki hatumpendi sana, kwa kuwa anapiga filimbi mapema mno. Mimi nilimbandika jina la Mama Polisi, naye akilisikia hucheka tu.

Kwetu kuna desturi moja. Ukimwangusha mwenzako unampa mkono, unasema "pardon", na kosa limekufa. Tumelelewa hivyo. Mwamuzi anayeendelea kuhesabu kosa lililokwisha kusamehewa tunamwona ana roho mbaya.

Siku ya fainali ya wasichana walikuja makocha wanaochagua timu ya mkoa. Macho yao yalikuwa kwa Benita, binti wa Huguette, na Huguette ni dada mkubwa wa Mwansa, yaya wake, tunavyosema huku. Kwa mila zetu, basi, Benita ni mtoto wa Mwansa pia. Waamuzi ni wachache, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona Mwansa na filimbi.

Benita anacheza vizuri, ila ana tabia moja mbaya. Mpinzani akiruka kutupa mpira kikapuni, yeye anasogeza mguu pale mwenzake atakapotua. Ukitua juu ya mguu wa mtu, kifundo kimekwenda. Kipindi cha kwanza alimfanyia hivyo Exaucée, msichana wa timu pinzani. Mwansa akapiga filimbi, akamwita kando.

"Ukirudilia, unatoka."

Benita akampa Exaucée mkono, tukapiga makofi. Kipindi cha pili akarudia. Exaucée akajipinda hewani, akatua kwa mguu mmoja, akayumba, hakuanguka. Mwansa akamtoa Benita. Makocha wa mkoa walimsindikiza kwa macho, kisha wakaanza kuwatazama wengine.

Tulipiga kelele, na mimi nilikuwa mbele. Huguette akaingia uwanjani.

"Mwansa, mutoto alishaomba pardon. Mwenzake hakuumia hata kidogo. Ju ya nini unamufukuza?"

"Yaya, ningoje avunjike kwanza?"

"Ule ni mutoto yako."

"Njo maana nilimuambia mbele ya kumutoa."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo tunavyosema. Mwansa hakuchelea, na bado alilia. Mechi ilipokwisha nilimkuta nyuma ya kanisa, filimbi ingali shingoni, na nilimwonea huruma kuliko nilivyotaka. Tangu siku hiyo Huguette hajakanyaga kwake. Salamu zao zinapitia kwa watoto.

Nikajiambia, angalau mama yake Exaucée atakuwa upande wa Mwansa. Nilimkuta sokoni akichagua mboga, nikaanzisha maneno ya fainali ile.

"Mwansa alizidisha," akasema. "Ona, mutoto yangu iko muzima."

Nilimwona. Exaucée alikuwa akikimbizana na Benita kati ya meza za wauza unga, wote wawili wakicheka, mpira ukiwa mikononi mwa Benita.

"Na nani alimuchunga mpaka eko muzima vile?" nikamwuliza.

Akanitazama kama vile nimeuliza jambo linalojulikana na kila mtoto wa katekisimu.

"Mungu," akasema, akarudi kwenye mboga zake.