Aleluya ya Kwaresima

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilipishana siku chache tu, kwa hiyo Konde nzima, huku Pemba, ilikuwa imefunga, wao Waislamu na sisi Wakristo. Mimi ni fundi cherehani, Mkatoliki wa kutoka Bara, na Ramadhani ndiyo msimu wangu: kanzu za Idi hurundikana hadi juu ya kitanda. Lakini mwaka ule nilishona jicho moja likiwa kwenye kitambaa, jingine kwa mume wangu aliyekaa kando ya cherehani kwenye kiti cha plastiki, kimya.

Kiharusi kilimpiga kabla ya Krismasi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, sauti ikakataa katakata. Na huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwetu Wete! Alifundisha darasani wiki nzima na bado koo la Jumapili lilibaki. Muuguzi aliniambia nisimwache hivi hivi, nimwongeleshe. Nilimwongelesha, jamani. Nilishika kikombe: "Sema kikombe." Nilishika mkasi: "Sema mkasi." Alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, yakatoka machozi tu.

Kaka yake mkubwa alipiga simu kila Jumapili kutoka Bara. "Shemeji, mlete nyumbani. Huko kisiwani huna ndugu, utamzika peke yako."

Nilikasirika. "Niachie mpaka Pasaka," nilimwambia. "Pasaka ikifika hajatamka neno, njoo umchukue." Nilipokata simu niliogopa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Wengine Kwaresima huacha nyama. Mimi nyama yenyewe naiona wapi? Niliamua kila Ijumaa tutapanda gari hadi Wete kwenda Njia ya Msalaba, mimi na yeye, mvua inyeshe isinyeshe. Jirani yangu, bibi wa Kipemba tunayeazimana chumvi tangu tuhamie hapa, alitusimamisha mlangoni.

"Mwanangu, wamburura ntu mgonjwa juani?"

"Bi, asipozoea kutoka atazoea kukaa."

"Haya, nendeni. Mungu awasahilishie."

Kanisa letu ni dogo: askari, walimu, wauguzi, karibu wote wa kuja. Na Kwaresima nzima hatusemi Aleluya. Ni neno la shangwe, tunaliweka kando mpaka mkesha wa Pasaka, na mtoto likimponyoka hufinywa. Mimi mwenyewe nimefinya wengi.

Ijumaa moja, katikati ya Kwaresima, tulifika kituo cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani. Hapo tunapiga magoti, hakuna anayekohoa. Nilisikia kuku wakiparua nje. Ndipo pembeni yangu ikatoka sauti nene, imeingia kutu, lakini kwa mahadhi yake yale yale: "A-le-lu-ya."

Watu waligeuka. Mkono wangu ulishaenda kumziba mdomo, mazoea bwana, ukaishia hewani. Miezi yote naililia sauti hii, leo imekuja niizibe? Nililia palepale sakafuni, sikujali nani ananitazama. Naye kuona nalia akairudia, safari hii kwa nguvu zaidi.

Baada ya ibada katekista alinivuta pembeni kwa upole. "Mama, labda apumzike nyumbani wiki hizi zilizobaki. Mkesha wa Pasaka atasema atakavyo."

"Mungu kamfungua Ijumaa, mimi nimfunge tena mpaka Jumapili?" nilimjibu. "Ijumaa ijayo tupo. Benchi la mbele."

Njiani nilimjaribu. Jina langu? Aleluya. Maji? Aleluya. Alijikwaa akishuka garini, Aleluya. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lilikuwa neno moja tu, nalo lilitumika kwa kila kitu, lakini lilikuwa la kwake na lilitoka kinywani mwake.

Baada ya adhana ya magharibi jirani alituletea bakuli la tambi za futari. "Eti kasema?"

"Kasema, Bi. Ila neno lenyewe si la wakati huu."

"Astaghfirullah! Ntu kanyamaza miezi, we wamchagulia wakati?" Mume wangu akalipokea bakuli kwa mkono wake mzima. "Aleluya," akamwambia. "Ahsante, mwanangu, nawe karibu," bibi akamjibu, akaenda zake.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia shemeji mimi mwenyewe. Alianza na yale yale, kwamba ameshaulizia nauli ya boti, kwamba nimechoka lakini sitaki kusema. Sikubishana naye. Nilimwekea mume wangu simu mdomoni.

"Aleluya," alisema.

Upande wa pili nikasikia mtu mzima anavuta kamasi, mtu ambaye kijijini kwao ni kiongozi wa kanisa na hufinya watoto kuliko mimi.

"Shemeji," alisema, "mwambie bado ni Kwaresima."

"Mwambie mwenyewe," nilimjibu. "Siku hizi anajibu."