Mtoki wa Kwapani

Juzi sokoni Keroka niliokota kikombe cha bati cha bluu, mdomo wake umebabuka rangi mahali pawili. Nilitazama tena: pawili. Muuzaji akataja bei, nami nikakirudisha chini kimyakimya. "Mama, leo hata hubishani? Unaumwa?" akauliza. Wanaonijua wanajua sinunui hata kiberiti bila kuomba nipunguziwe. Lakini kikombe kile kilikuwa kimenirudisha Gesima, jikoni kwa nyanya yangu, mwaka niliokuwa na miaka minane na kikombe changu peke yangu.

Usidhani kilikuwa zawadi.

Watu wenye makoti meupe walikuja shuleni kutuchanja dhidi ya kifua kikuu. Tulipanga foleni kando ya uwanja, mkono wa kushoto wazi, harufu ya spiriti ikitufikia kabla ya sindano. Tulikuwa sitini na watatu. Nilihesabu mara mbili. Kemunto wa dawati langu alitaka amalize haraka, kwa hiyo nilimuuzia nafasi yangu ya mbele kwa ndizi mbili mbivu. Hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza: nilimuuzia mtu maumivu, naye akashukuru. Zamu yangu ilipofika, ngozi iliinuka kidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Wageni wakatia alama daftarini, wakapakia masanduku yao, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya wiki kadhaa pale palipodungwa pakawa kidonda, na hakuna aliyeshangaa, maana nusu ya darasa walikuwa nacho. Ila mimi kwapani paliota mtoki, mgumu, mkubwa kama yai la njiwa. Nyanya, tuliyemwita Magokoro, aliugusa kwa kidole kimoja, kisha akaenda kunawa. Alikuwa amezika watoto wawili kwa ugonjwa wa kifua.

"Wamemtia ugonjwa wenyewe," akamwambia mama.

Mama alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Hakubisha.

Basi nikahamishiwa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na kupika kukahamia uani. Kikombe kimoja, sahani moja, kigoda kimoja. Shuleni nisiende, mtoto nisimguse. Mchana nilisikiliza wachuma majani chai wakiitana mlimani, nikajaribu kukisia nani anamwita nani. Siku moja Kemunto alisimama nje ya ua, mbali, akapaza sauti: "Wewe! Ukifa, ndizi yangu nitarudishiwa na nani?"

"Zilikuwa mbili," nikamsahihisha, "na zimeshaliwa."

Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki na jibu zuri lisilo na mtu wa kucheka nalo.

Kila mlo Magokoro aliweka ugali wa wimbi kizingitini, akaondoka. Kisha nyuma ya ukuta nilisikia benchi likilia, naye akakaa hapo hadi nimalize. Nilijua ananilinda nisitoroke.

Siku ya thelathini na nane, kwa mistari ya mkaa niliyochora ukutani, mama alinipeleka zahanati. Sista aliupapasa mtoki, akauliza kama nakohoa, kama nimekonda, kama mwili huwa moto. Vyote hapana.

"Huu umeletwa na chanjo. Huwapata wachache. Msiufinye, msiupake majani. Mara nyingi huisha wenyewe, na hawezi kumwambukiza mtu. Ukilainika au ukipasuka, mrudisheni."

Mama akauliza polepole, "Sista, mbona hatukuambiwa?"

"Mngeambiwa, mngewaficha watoto."

"Huyu tumemficha vilevile," mama akasema.

Mtoki uliyeyuka kabla ya mavuno. Wanangu wote nimewapeleka kuchanjwa, tena mapema. Chanjo sina ugomvi nayo. Ila kila mara nimemuuliza muuguzi nini kinaweza kutokea baadaye, na sikuondoka kabla hajanijibu. Wale wa makoti meupe walituhesabu wakati wa kudunga. Hakuna aliyerudi kutuhesabu tena.

Magokoro alipofariki, mama ndiye aliyenieleza habari za benchi. Kwetu mtu mzima wa heshima yake haonekani akila nje kama mpita njia. Lakini siku zile zote alibeba sahani yake hadi nyuma ya jikoni, akaegemeza mgongo ukutani, akala nilipokuwa nikila, akamaliza nilipomaliza.

Mistari thelathini na minane ya mkaa, kila mmoja ukisema nimekula peke yangu. Na hiyo ndiyo hesabu pekee ambayo sikuirudia.