Jina chini ya benchi

Leo nimemfokea mwanangu mpaka pumzi zikaniishia.

Tunatayarisha uwanja wa nyumba yetu hapa Bigo kwa wageni wa kiangazi. Natoka na fimbo yangu, namkuta amelipindua benchi kubwa la mbao ngumu ya libuyu, analipiga msasa upande wa chini.

Pale palichongwa jina: REHEMA. Sasa ni vumbi tu.

"Nani alikutuma kufuta jina?"

"Papa, ukae kwanza. Mapafu yako..."

"Acha mapafu yangu!"

Akaniangalia. "Tangu mutoto najua benchi hii si yetu. Binti wa Rehema anakuja Jumapili. Ulitaka aone?"

Nikakaa, kama alivyosema. (Mnanijua, sitii ovyo.)

Rehema, mwenye jina hilo, alikuwa jirani yetu. Alipokimbia vita aliniachia ufunguo nimlindie nyumba. Nikabeba benchi alilotengenezewa na mumewe, kisha nikamwambia kwa simu kwamba wezi wamelichukua. Aliniamini mpaka akafa huko alikokimbilia. Nami nikawaketisha ninyi wageni wetu wote juu ya benchi hilo, ubatizo baada ya ubatizo.

Bado nina hasira ninapowaandikia haya kwenye simu. Lakini kuficha huko mtoto alijifunza kwangu.

Daktari hanipi kiangazi kingine. Nimemwambia mwanangu alichonge jina upya, safari hii juu, kwenye egemeo, kila mtu alisome. Jumapili binti wa Rehema ataketi hapo, nami nitamweleza yote nikiwa nimesimama. Kisha benchi litaenda kwake.

Ninyi mliowahi kulikalia, njoni mlibebe.